Visafishaji vya nyumbani kwenye rangi ya gari

Visafishaji vya nyumbani, kama vile sabuni ya vyombo, sabuni ya unga, siki na mafuta ya taa, hutumiwa sana kusafishia magari kwa kuwa vinapatikana kwa urahisi na kwa bei nafuu. Baadhi yake havina madhara vikizimuliwa na kusuuzwa mapema. Vingine hufifisha rangi kabisa.

Matabaka ya rangi
Magari mengi ya kisasa yana praima ya kuzuia kutu, praima ya pili, rangi yenyewe, kisha tabaka angavu lisilo na rangi. Hilo la mwisho ndilo linalong'aa na kukinga rangi dhidi ya jua. Unene wake kwa kawaida ni mikromita 35 hadi 50, takriban nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Juu yake hupakwa nta. Nta ikitoka hupakwa nyingine, lakini tabaka angavu likiisha halina dawa ila kupuliza upya.

Sabuni
Sabuni ya vyombo hukata mafuta, kwa hiyo huondoa na nta. Kuitumia kabla ya kupaka nta mpya hakudhuru. Kuitumia kila mara huiacha bodi bila kinga. Dalili yake huonekana maji yakimwagwa: penye nta hujikusanya matone ya duara, pasipo nta hutandaa. Sabuni ya unga ni kali zaidi. Nyingi zina sodiamu kaboneti, kemikali iliyomo kwenye magadi, na punje zisizoyeyuka hukwaruza.

Siki na jiki
Siki ya jikoni, yenye takriban asilimia 5 ya asidi ya asetiki, huyeyusha madoa meupe ya chokaa yanayoachwa na maji ya kisima. Huchanganywa na maji kwa kiasi sawa, hupakwa kwa kitambaa na kusuuzwa baada ya dakika moja au mbili. Jiki haifai: huchakaza mipira ya milango na huchochea kutu palipochubuka. Ikichanganywa na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Mafuta ya taa na thina
Mafuta ya taa hulainisha lami. Kitambaa kilicholoweshwa kidogo hubanwa juu ya doa hadi lilegee, doa hufutwa taratibu, kisha mahali hapo huoshwa kwa sabuni ili utando wa mafuta utoke. Kazi hiyo hufanywa mbali na moto, injini ikiwa imepoa. Thina huweza kuyeyusha rangi, hasa iliyopulizwa upya gereji.

Vya kusugulia
Stilwaya, unga wa kusugulia sufuria na upande mgumu wa sponji huacha michirizi. Dawa ya meno hufifisha mkwaruzo mwepesi kwa kula tabaka angavu pembezoni mwake, hivyo kila ikirudiwa tabaka huzidi kupungua.

Namna ya kuosha
Gari huoshwa kivulini, bodi ikiwa imepoa, ili sabuni isikaukie juu yake. Vumbi huondolewa kwanza kwa maji, kuanzia paa kushuka chini. Ndoo moja huwa ya sabuni, ya pili ya kusuuzia kitambaa, mchanga usirudi kwenye rangi. Kinyesi cha ndege hakikwanguliwi. Hufunikwa kwa kitambaa chenye maji mpaka kilainike. Kisafishaji ambacho hakijawahi kutumiwa hujaribiwa kwanza kwenye ukingo wa ndani wa mlango.