Friza Yetu na Keki Zetu

Tulipoanza kikundi mwaka 2015 friza hatukuwa nayo. Tulioka kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, usiku wa kuamkia shughuli. Wiki ya Idi oda tulizikataa, mikono haikutosha. Ndipo mwenzetu mmoja akasema tununue friza, tuoke Jumanne, tuuze Jumamosi. Jamani, ubishi! Wengine tulisema keki iliyolala kwenye barafu ni kiporo, na mteja hauziwi kiporo.

Kumbe kiporo hicho kina historia. Mmarekani Clarence Birdseye alikwenda Labrador mwaka 1912 na kuwaona Wainuit wakigandisha samaki kwa baridi kali. Samaki aliyeganda upesi hakuharibika ladha. Mwaka 1930 vyakula vyake vilivyogandishwa vikaingia madukani huko Springfield, Massachusetts. Miaka ya 1950 Charles Lubin, mwoka keki wa Chicago, naye akawa anagandisha keki zake ili ziuzwe miji ya mbali.

Friza tuliinunua mwaka 2018, kwa faida ya mikopo, kabla ya mgao. Kwanza tulizikosea sana keki. Tulizitoa, tukazifungua papo hapo, zikatoka jasho, juu zikawa kama mkate uliomwagiwa maji. Sasa keki hupoa kabisa, hufungwa vizuri bila aisingi, na ikitolewa haifunguliwi mpaka iyeyuke yote. Jasho hubaki nje ya karatasi. Wala hatuiweki kwenye friji ya kawaida tukidhani ni yale yale. Ubaridi wa friji huikausha keki upesi kuliko hata ikikaa mezani, lakini kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, kule kukauka karibu kunasimama.

Halafu ukaja mgawo wa umeme wa mwaka 2023. Tulikuwa na keki tisa za harusi ya binti wa mwenzetu. Umeme ukikatika, kila mmoja wetu alifungua kuchungulia, eti kuhakikisha! Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Yetu ilikuwa nusu, na tuliifungua mno. Keki ziliyeyuka, umeme ukarudi, zikaganda tena, tusijue. Ijumaa jioni tukakata moja kuonja: kavu, inamomonyoka kisu kikiigusa.

Aliyekwenda kutafuta mkaa usiku ule ni yule yule aliyepinga friza. Hakusema neno. Tulioka mpaka alfajiri, harusi ikapata keki. Hasara ilikatwa kwenye mgao wa Desemba, na wenzetu wawili wakachukua hisa zao wakaondoka. Hatuwalaumu.

Februari 2024 mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere ulianza kuingiza umeme kwenye gridi. Hata hivyo nafasi zote tupu za friza tunazijaza chupa za maji, ziwe barafu, na ufunguo anakaa nao mweka hazina. Sufuria za mkaa bado zipo stoo, na kila mwanachama mpya huanza kuoka kwa hizo.