Gesi ya Baridi na Uaminifu wa Fundi

Aghalabu watu husema kwamba mtambo wa aiskrimu hutengeneza baridi. Kwa hakika kazi yake ni kuondoa joto: hulitoa katika maziwa na kulitupa nje. Asili ya jambo hili twaijua kwa mtungi wa udongo. Maji machache hupenya katika udongo, hukauka juu yake, na katika kukauka huchukua joto la maji yaliyomo ndani. Katika mtambo, kazi hiyo hufanywa na gesi iliyofungwa ndani ya mabomba. Ikiwa katika hali ya majimaji, huzungushwa kando ya silinda ya maziwa. Hapo huchemka kwa joto la maziwa yenyewe, ikawa mvuke. Kompresa huuvuta mvuke huo na kuushindilia mpaka ukawa moto sana. Kisha hupitishwa katika mabomba yapulizwayo upepo, hutoa joto lake nje, na kuwa majimaji tena. Vali nyembamba huyapunguzia msukumo, na safari huanza upya. Yafaa msomaji akumbuke neno moja: gesi hii hailiwi kama mafuta ya taa katika kandili. Ikipungua, pana tundu mahali.

Mtu wa kwanza kupata hati ya uvumbuzi wa mtambo wa namna hii alikuwa Jacob Perkins, Mmarekani aliyekaa London, mwaka 1834. Yeye alitumia etha, nayo hushika moto upesi. Nancy Johnson wa Philadelphia alipopata hati ya chombo cha kukorogea aiskrimu kwa mkono mwaka 1843, chombo chake kilitegemea bado barafu na chumvi. Baadaye mafundi walitumia amonia, dioksidi ya salfa na kloridi ya methili. Gesi hizo zilipoza vizuri, lakini zikivuja zilidhuru watu. Mjini Chicago, mwaka 1929, watu kadhaa walikufa majumbani mwao kwa kloridi ya methili iliyovuja katika majokofu. Siku hizo tundu la bomba lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake huko Marekani walipata gesi mpya isiyowaka wala kunuka, iliyouzwa kwa jina la Freon. Mwaka 1930 Midgley alisimama mbele ya wanakemia, akaivuta kifuani, akaipuliza juu ya mshumaa, na mshumaa ukazimika. Watu walifurahi, na kwa haki, maana maisha mengi yaliokoka. Walakini wema wa gesi hiyo ulizaa uzembe. Kwa kuwa haikumdhuru mtu aliye karibu, fundi aliweza kuifungulia hewani bila hofu, kisha akajaza nyingine. Kutafuta tundu kulichukua saa nyingi. Kuongeza gesi kulichukua dakika chache.

Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland, wa Chuo Kikuu cha California, walieleza gesi hiyo ilikokwenda. Haikuharibika njiani. Ilipanda juu sana, jua likaipasua, na klorini iliyomo ikaila ozoni, hewa ituzuiayo miale mikali iletayo saratani ya ngozi. Makampuni yaliyoitengeneza yaliwapinga. Lakini mwaka 1985 wataalamu wa Uingereza waliokuwa wakipima hewa ya Antaktika walitangaza kwamba ozoni ya huko hupungua mno kila majira ya kuchipua.

Mwaka 1987 mataifa yalikutana Montreal, yakapatana kuzipunguza gesi hizo. Aliyeyaongoza mashauri hayo ni Mostafa Tolba, Mmisri, mkuu wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lililo Nairobi. Na hadi leo ofisi inayosimamia mkataba huo iko katika mji huo. Mwaka 1995 Molina na Rowland walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Crutzen. Tabaka la ozoni limeanza kupona.

Hata hivyo kazi haijaisha. Gesi nyingine zilizofuata hazina klorini, bali huzuia joto la dunia lisitoke. Kilo moja ya ile iitwayo R-404A, iliyotiwa katika mitambo mingi ya aiskrimu, ina nguvu ya kuongeza joto ikaribiayo ile ya kilo 4,000 za hewa ya ukaa. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana tena Kigali, mwezi wa Oktoba 2016, yakaahidi kuzipunguza hizo nazo.

Mawaziri hutia sahihi, lakini mkataba hutimizwa na mkono ulioshika spana. Fundi mwaminifu hupaka povu la sabuni kwenye maungio ili aone panapotoa mapovu, huikusanya gesi ya zamani katika mtungi wa chuma, huziba, huondoa hewa yote mabombani kwa pampu, ndipo apime gesi kwa mizani na kuitia. Fundi mvivu huongeza gesi tu, akalipwa, na baada ya miezi michache huitwa tena. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika habari hii ufa ni mdogo kama tundu la sindano, na ukuta ni anga la watu wote.