Ngwala ya Mweupe na Safari ya Nyumba

Kitaya, kijiji cha ukingoni mwa Ruvuma mkoani Mtwara, kimo katika ukanda mpana wa mchezo wa bao, unaoanzia visiwani na kufika hadi Malawi, ambako huitwa bawo. Mcheza bao wa ukanda huo, akiketishwa mbele ya sataranji, hatastaajabu kumwona Mweupe akitoa mali yake mapema ili ashambulie. Kitakachomshangaza ni hatima ya kile kilichotolewa.

Sataranji ilitoka Bara Hindi, ikapita Uajemi na Uarabuni. Katika mchezo wa kale, waziri aliyesimama ubavuni mwa mfalme alikwenda hatua moja tu ya mshazari, na vita vikaanza taratibu. Mwishoni mwa karne ya 15, huko Ulaya, waziri akageuka malkia mwenye mbio za ubao mzima. Tangu hapo zamu moja ya mapema ikaweza kushinda thamani ya kitunda, yule askari wa mbele. Mwaka 1561 kasisi wa Kihispania, Ruy López, akaiita mbinu hiyo gambito, kutokana na neno la Kitaliano lenye maana ya ngwala ya wanamieleka.

Ngwala mashuhuri ni ile ya mfalme. Mweupe husukuma kitunda cha mbele ya mfalme hatua mbili. Mweusi hujibu vivyo hivyo. Ndipo Mweupe hutoa kitunda cha kando yake. Mweusi akikila, ameacha katikati ya uwanja. London, mwaka 1851, Adolf Anderssen alianza hivyo dhidi ya Lionel Kieseritzky, akaachia hata ngome zote mbili na malkia, kisha akamfunga mfalme. Baadaye Wilhelm Steinitz alionyesha kuwa mwenye kupokea zawadi, akijilinda kwa subira, aweza kubaki nayo.

Katika sataranji kilicholiwa kimekufa. Katika bao kete zote 64 husalia mchezoni: zilizoliwa husambazwa upande wa mlaji, zikampigania. Kwa hiyo kafara ya bao ni ghali zaidi. Ndugu yake wa karibu ni safari ya nyumba. Mchezaji anayekula, kete yake ya mwisho ikiangukia nyumba yake, ana hiari: alale, akiba ibaki, au asafiri, aimwage yote kwa kutafuta ushindi. Akisafiri, nyumba imevunjika, wala haijengeki tena.

Mchezo wa 1851 hurudiwa hata leo kwa sababu uliandikwa. Bao lilitungiwa shairi na Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Na mwaka 1995 Mholanzi Alexander de Voogt alichapisha utafiti juu ya umahiri wa mabingwa wake. Hata hivyo, safari nyingi za nyumba zilizoamua michezo mikubwa zimebaki vichwani mwa wazee, nao huondoka nazo. Mali bila daftari huisha bila habari.