Kumsemea Jirani

Mwezi wa Mei 1934 viongozi wa Kiprotestanti walikutana mjini Barmen, Ujerumani. Hitler alitaka kulitawala Kanisa. Kwa tamko lililoandikwa hasa na mwanatheolojia Karl Barth, walikiri kwamba Bwana wa Kanisa ni Yesu Kristo peke yake. Mwaka 1935 Barth alifukuzwa kazi ya ualimu huko Bonn.

Lakini tamko lile halikuwataja Wayahudi waliokuwa wakiteswa. Baadaye Barth alilijutia jambo hilo. Mchungaji Dietrich Bonhoeffer alikuwa ameandika mwaka 1933 kwamba Kanisa lina wajibu kwa kila aonewaye, hata asiye Mkristo. Alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945.

Je, sisi twanena Kanisa letu linapoguswa tu? Mithali 31:8 yatuagiza tumsemee asiyeweza kujisemea. Ee Bwana, tupe ujasiri huo. Amina.