Vidonge vya Majira na Hisia za Wanawake

Vidonge vingi vya majira huingiza mwilini homoni za kutengenezwa, za jamii ya estrojeni na projesteroni, ambazo huzuia ovari kupevusha yai. Homoni hizo hufika pia kwenye ubongo, na tangu mwanzo wanawake walieleza mabadiliko waliyoyahisi. Kusikilizwa ndiko kulikochelewa.

Majaribio makubwa ya kwanza yalianza mwaka 1956 huko Río Piedras, Puerto Rico, kwa kuwa sheria za Massachusetts, alikofanyia kazi mtafiti Gregory Pincus, zilibana uzazi wa mpango. Waliopewa dawa walikuwa wakazi wa nyumba za umma, na hawakuambiwa kwamba ilikuwa bado inajaribiwa. Kidonge kimoja kilikuwa na miligramu 10 za projestini (homoni ya kutengenezwa ya jamii ya projesteroni), kiasi kikubwa mno kikilinganishwa na cha leo. Daktari Edris Rice-Wray, aliyesimamia kazi hiyo, aliripoti kuwa asilimia 17 ya wanawake walipata kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya kichwa na tumbo. Kwa maoni yake, madhara yalikuwa mengi kupita kiasi. Pincus akayahesabu mengi ya malalamiko hayo kuwa mambo ya fikra tu. Hukumu hiyo iliwaonea wanawake wale.

Marekani iliruhusu kidonge hicho kuzuia mimba mwaka 1960. Mwaka 1969 mwandishi Barbara Seaman alichapisha kitabu kuhusu madhara yake, yakiwemo damu kuganda na sonona. Januari 1970 Seneta Gaylord Nelson aliitisha vikao vya kuchunguza usalama wa dawa hiyo, lakini hakuna mtumiaji hata mmoja aliyeitwa kutoa ushahidi. Wanawake, mwanaharakati Alice Wolfson akiwa miongoni mwao, walisimama ukumbini wakadai majibu. Matokeo yake, vidonge vikaanza kuuzwa na karatasi ya maelezo.

Kidonge kiligusa pia nafasi ya wanawake katika ushindani wa kazi, na hapo athari iliyo wazi zaidi ilipitia maisha yenyewe: msichana aliyeweza kuahirisha uzazi aliweza kusoma miaka mingi. Wanawake walikuwa asilimia 10 ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria nchini Marekani mwaka 1970, wakafika 36 mwaka 1980. Wanauchumi Claudia Goldin na Lawrence Katz walionyesha mwaka 2002 kwamba kidonge kilichangia mabadiliko hayo. Majaribio ya maabara kuhusu homoni zenyewe na hamu ya kushindana yametoa majibu yanayopingana.

Kuhusu sonona, utafiti wa Denmark wa mwaka 2016 ulifuatilia wanawake zaidi ya milioni moja wa miaka 15 hadi 34. Waliotumia homoni za uzazi wa mpango walianzishiwa dawa za sonona mara nyingi zaidi kuliko wasiozitumia, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana wa miaka 15 hadi 19.