Saa inayogoma kuamka: historia ya mashine zilizokwama mlangoni

Wahitimu wenzangu, na ninyi wadogo zetu mlio bado ku auditoire, leo siandiki juu ya mkutano wa Berlin wala juu ya uhuru. Nataka tuongee historia ya kitu kidogo: saa janja, ile wengi wetu tunaita montre tu. Unaiwasha, inaonyesha logo ya kampuni yake, halafu inabaki palepale. Inazima, inawaka tena, logo, inazima. Mwenyewe anaipeleka kwa fundi, fundi anaigeuza-geuza dakika mbili, anasema: "Carte mère imekufa." Na pale mtu anaanza kuhesabu dola ambazo hana.

Mimi nilisoma historia, sikusoma informatique. Lakini mtu wa historia njo kazi yake kuuliza: kabla yetu, nani alikwama hivi, na alitokaje? Nilipotafuta, nilikuta waliokwama ni wengi, na wengi wao walitoka bila hata kufungua mashine. Mmoja hakuweza kuifungua kabisa, juu mashine yake ilikuwa kwenye sayari nyingine.

Tuanzie kwa saa za wazee wetu. Zile hazikuwa na tatizo hili juu hazikuwa na jambo la kuamka. Saa ya kuzungusha ufunguo inaenda au haiendi. Hata saa ya kwatsi iko vile. Seiko ilitoa Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatsi kuuzwa madukani, tarehe 25 Desemba 1969. Ndani ya saa za aina ile, kipande kidogo cha kwatsi kinatetemeka (siku hizi mara 32.768 kwa sekunde), na chipu inahesabu tu. Ukiweka batri, inaanza kuhesabu. Haiulizi kitu.

Saa janja iko jamii nyingine. Ni kompyuta iliyovaa nguo za saa. Na kompyuta, moto ukiingia, haijui kitu. Haijui ina skrini, haijui mafaili yake yako wapi, haijui hata leo ni tarehe gani. Lazima mtu au kitu kiifundishe kusimama. Waingereza wana mfano wa mtu anayejiinua kutoka chini kwa kuvuta kamba za viatu vyake mwenyewe. Kutoka pale njo walitoa jina la kitendo hiki.

Zamani aliyefundisha alikuwa mtu kweli. Mwaka 1975, mashine iitwayo Altair 8800 haikuwa na kibodi wala skrini. Ilikuwa na swichi upande wa mbele. Paul Allen, aliyeanzisha Microsoft pamoja na Bill Gates, alikuwa ndani ya ndege akienda Albuquerque kuonyesha programu yao, na njiani akakumbuka kwamba hawakuandika ile programu ndogo ya kuamsha mashine ili iweze kusoma ile kubwa. Akaiandika palepale ndegeni. Alipofika, aliiingiza kwa mkono, swichi moja baada ya nyingine, ndipo Altair ikasoma mkanda wa karatasi uliobeba ile programu kubwa.

Leo ile kazi ya swichi imefungwa ndani ya chipu ya saa yako, kiwandani, na haifutiki. Programu ya kwanza, ndogo sana, inaamka; inaita ya pili; ya pili inaonyesha logo na kuita mfumo mzima; mfumo unafungua mafaili, unauliza saa, unaamsha redio za Bluetooth na vingine. Ni sawa vile mlolongo wa watu wanaoamshana asubuhi nyumbani. Na hapa naomba tusimame kidogo. Saa ikifika kwenye logo, maana yake batri imetoa nguvu, chipu inafikiri, skrini inachora, na programu ya kwanza imemaliza kazi yake. Kitu kilichokufa hakichori logo. Yule fundi wa dakika mbili alikuwa anatazama ushahidi kwamba mgonjwa anapumua, na akaandika cheti cha kifo.

Sasa twende Mirihi.

Roboti ya NASA iitwayo Spirit ilirushwa Juni 2003, ikatua ndani ya kreta ya Gusev tarehe 4 Januari 2004 kwa saa ya Greenwich. Ilipangiwa kufanya kazi siku 90 za kule. Tarehe 21 Januari, ikiwa imesimama mbele ya jiwe walilolipa jina Adirondack, ikanyamaza. Wainjinia wa maabara ya JPL, kule Pasadena, California, walipata milio midogo tu, si habari. Siku zilizofuata waligundua kitu cha kutisha zaidi kuliko ukimya: roboti haikuwa inalala. Usiku ilipaswa kuzima kompyuta yake ili kulinda batri. Badala yake ilikuwa inaamka, inaanguka, inaamka tena. Ilijizima na kujiwasha zaidi ya mara 60. Batri inaenda kuisha, na ujumbe mmoja kutoka duniani unachukua karibu dakika 10 kufika. Carte mère imekufa? Kwa fundi wetu, ingekuwa imekufa zamani.

Kilichokuwepo ni hiki. Spirit ilikuwa na memori ya kudumu ya aina ya flash, megabaiti 256, na memori ya kazi megabaiti 128. Kila ilipoamka, ilifungua flash na kuandika orodha ya mafaili yote ndani ya memori ya kazi. Lakini mafaili yalikuwa yamejikusanya, pamoja na yale ya safari nzima ya miezi saba angani ambayo hayakufutwa. Orodha ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengwa. Programu ikishindwa, ilifanya kile ilichofundishwa: zima, anza upya. Inaanza upya, inafungua flash, orodha haitoshi, zima. Mashine haikuvunjika hata msumari mmoja. Ilikuwa inajibu kwa uaminifu kabisa swali ambalo jibu lake lilikuwa refu kuliko daftari yake.

Wokovu ulitoka kwa watu waliofikiri miaka kabla. Waliounda Spirit walikuwa wameacha mlango mdogo kabla ya ile hatua ya flash: amri inayoweza kupokelewa mapema na kusema "amka, lakini usiguse mafaili". Jina la hali hiyo lilikuwa na maana ya kilema. Wainjinia wakatuma ile amri, na Spirit ikaamka kilema: bila kumbukumbu, lakini inasikia na inatii. Tarehe 25 Januari, wakati bado wanahangaika na hii, pacha wake Opportunity akatua upande wa pili wa sayari. Fikiria hali ya usingizi katika ile maabara. Halafu walifuta mafaili polepole, mwanzoni mwa Februari wakaisafisha flash yote, na Spirit ikarudi kazini. Siku zake 90 zikageuka miaka sita. Mara ya mwisho ilisikika tarehe 22 Machi 2010.

Ule mlango mdogo, saa yako pia inao, kama ilitengenezwa na watu makini. Pebble, saa iliyoanza kufikia wanunuzi mwaka 2013, ilikuwa na mfumo mdogo wa akiba uliowekwa pembeni, usiojua kitu zaidi ya kushika Bluetooth na kupokea mfumo mpya kutoka kwa simu. Apple Watch, tangu 2015, ukishikilia butoni ya pembeni pamoja na ile ya duara kwa sekunde 10 au zaidi mpaka logo itokee, unailazimisha ianze mlolongo upya. Samsung na wengine wana butoni zao mbili. Kwa saa nyingi, sekunde 10 hadi 20 zinatosha. Ukiachilia haraka, hujafanya kitu. Ila kama saa iko katikati ya kupokea mfumo mpya, usiiguse, iache kwenye chajeri. Kuikata pale njo njia fupi ya kuigandisha.

Kuna swali lingine linalokwamisha mashine mlangoni, na linachekesha kidogo kwa habari ya saa: "Leo ni siku gani?" Tarehe 31 Desemba 2008, vicheza-muziki vya Microsoft viitwavyo Zune, aina ya gigabaiti 30, viliganda vyote siku moja, vikiwa vinaamka. Mwaka ule ulikuwa mrefu, siku 366. Programu iliyogeuza siku kuwa mwaka ilijua kufanya nini siku zikizidi 366, na kufanya nini zikiwa 365 au chini. Zikiwa 366 kamili, ilizunguka mahali pamoja bila kutoka. Dawa rasmi ya kampuni, mnisikie vizuri: acha batri iishe kabisa, ngoja mpaka tarehe 1 Januari saa sita mchana kwa saa ya Greenwich, chaji, washa. Kungoja tu. Februari 2016 ikawa zamu ya iPhone: mtu akiweka tarehe 1 Januari 1970 na kuzima simu, haikupita tena logo, mpaka Apple ikasahihisha katika iOS 9.3. Ile tarehe si ya bahati mbaya. Mifumo mingi inahesabu wakati kama sekunde tangu siku ile.

Nayapenda haya mawili juu yanaeleza kitu ambacho watu wanakiona kama uchawi. Zile montre za bei ndogo za sokoni, zisizo na butoni ya maana, wakati mwingine zinafufuka zikiachwa siku tatu ndani ya kabati. Si uchawi. Batri imeisha kabisa, memori ya kazi imesahau ile hali mbaya, na mlolongo umeanza safi. Kuacha batri iishe ni dawa yenye historia, na haigharimu franka hata moja.

Rafiki yangu mmoja, agronome, aliambiwa atoe dola 35 za carte mère kwa saa aliyoinunua dola 60. Tuliuliza kwanza: ilianza lini? Siku simu yake ilizimika saa ikiwa inapokea mfumo mpya. Basi swali la tarehe tukaliacha, tukaenda kwenye lile la mafaili. Tukaiingiza katika hali ya kurekebisha, tukafuta yote, ikapokea mfumo wake tena. Alichopoteza ni hesabu ya hatua za siku chache ambazo hazikuwa zimefika kwenye simu. Lakini angalizo kwa wanaonunua ya occasion: saa nyingine, kama Apple Watch, hata ukifuta vyote inaweza kudai akaunti ya mwenye kwanza. Kama humjui mwenye kwanza, umebaki na kioo cheusi.

Na kuna lile swali la zamani kuliko yote, la nguvu. Kuamka njo wakati mashine inavuta moto mwingi kwa pamoja: skrini, chipu, redio. Batri iliyochoka inaweza kuonyesha asilimia nzuri, halafu kwenye ule mvuto inaanguka, saa inazima, inapumzika, inajaribu tena. Ukiona logo ikirudi-rudi bila mwisho, shuku batri mapema. Mwisho wa 2017 Apple ilikubali wazi kwamba ilipunguza mwendo wa iPhone za zamani ili zisizimike ghafla juu ya batri kuchoka; hata matajiri wa ile kazi wanaogopa huo mvuto. (Batri nyingi za aina hii zina kobalti ndani, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka hapa kwetu, upande wa Kolwezi na jirani zake. Kitu kinatoka kwetu kikiwa udongo, kinarudi kikiwa saa iliyoganda. Hiyo tutaiandika siku nyingine.)

Kuijaribu ni rahisi. Safisha vile vidoti vya chuma mgongoni mwa saa kwa kitambaa kikavu, iweke kwenye chajeri yake yenyewe saa moja au mbili, halafu iwashe ikiwa bado iko pale. Ikiamka kwenye chajeri na kufa ikitolewa, tatizo ni batri, na batri ni bei nyingine kabisa. Wakati moto umekatika mtaani na unatumia power bank, angalia: nyingi zinajizima zenyewe juu saa inavuta kidogo mno, zinafikiri hakuna kitu kimeunganishwa. Mtu anaamka asubuhi anaamini amechaji usiku kucha, kumbe alichaji nusu dakika. Na kama skrini imeanza kuinuka kutoka mahali pake, batri imevimba: usichaji tena, usiibonyeze irudi, ipeleke kwa fundi ikiwa imezimwa.

Fundi wazuri wapo, tena wengi. Ukifika kwake, usiseme "imekufa". Mwambie inafika wapi: haionyeshi kitu kabisa, inaonyesha logo na kubaki, au inaonyesha logo na kurudi nyuma. Mwambie siku gani ilianza na ilikuwa inafanya nini siku ile. Kisha mwombe ataje, kabla hajaifungua, ni hatua gani imeshindwa.