Shamba la Anathothi: Jinsi Ishara za Manabii Zipasavyo Kufasiriwa

Twapenda kuwakumbusha habari ya shamba moja lililonunuliwa zamani sana katika nchi ya Yuda, nayo imeandikwa katika kitabu cha Yeremia, sura ya 32. Sheria iliyoongoza ununuzi ule yatoka katika sura ya 25 ya Mambo ya Walawi, ndiyo sura ile ile iliyoamuru mwaka wa hamsini uwe wa yubile. Tena habari hii yatufundisha namna ya kufasiri ishara za manabii, jambo ambalo sisi walimu tumelikosea mara nyingi.

Miaka mingi tulikuwa tukitafuta fumbo katika kila neno la habari hii. Shamba tulisema ni mbingu. Chombo cha udongo tulisema ni mwili wa mwanadamu. Siku moja mzee mmoja, mkulima, akatuuliza, “Mwalimu, shamba lile lilikuwa wapi? Na mtu aliyefungwa alilinunua kwa nini?” Hatukuwa na jibu. Tukaona haya, tukarudi kusoma upya.

Ulikuwa mwaka wa kumi wa kutawala kwake mfalme Sedekia, yapata mwaka 588 kabla ya Kristo. Jeshi la Nebukadreza, mfalme wa Babeli, lilikuwa limeuzingira Yerusalemu. Yeremia naye alikuwa amefungwa katika uwanja wa walinzi, penye nyumba ya mfalme, kwa kuwa alinena waziwazi ya kwamba mji utatekwa. Ndipo Hanameli, mwana wa ami yake, akamjia kumwomba anunue shamba lake huko Anathothi, kijiji cha Benyamini kilicho karibu kilomita 5 kutoka Yerusalemu, upande wa kaskazini-mashariki. Kwa sheria ya Walawi, mtu akilemewa na umaskini akauza shamba, ndugu yake wa karibu ndiye apasaye kulikomboa, ili urithi usitoke katika ukoo.

Sarafu hazikutumika bado katika Yuda siku zile. Kwa hiyo Yeremia alipima katika mizani shekeli 17 za fedha, karibu gramu 190. Hati ikaandikwa mbele ya mashahidi, moja ikatiwa muhuri, nyingine ikaachwa wazi. Na Baruku mwana wa Neria akaamriwa kuzitia katika chombo cha udongo, zipate kudumu siku nyingi.

Hayo yote yalikuwa desturi ya watu wale. Hati za namna hiyo, sehemu moja imefungwa na nyingine i wazi, zimeonekana katika jangwa la Yuda. Mwaka 1982 wachimbuaji walikuta Yerusalemu vipande 51 vya udongo vyenye chapa za mihuri. Hati zenyewe ziliteketea mji ulipochomwa, bali udongo uliokwa na moto ule ule ukabaki. Kimoja chao chasomeka jina la Gemaria mwana wa Shafani, atajwaye katika sura ya 36 ya Yeremia. Na vitabu vya ngozi vilivyopatikana Qumran mwaka 1947 vilikuwa vimehifadhiwa katika mitungi ya udongo yapata miaka 2,000.

Basi ishara i wapi? I katika tendo lenyewe. Mtu yule aliyesema kwamba nchi itatwaliwa ndiye aliyetoa fedha yake kununua ardhi ambako adui ametanda. Wala yeye mwenyewe hakuielewa mara moja: alitii kwanza, kisha akaomba kwa Mungu kuuliza maana, akajibiwa ya kwamba mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile.

Mfananisheni na nabii Hanania, katika sura ya 28. Huyo aliivunja nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, akawaahidi watu kwamba katika miaka miwili nira ya Babeli itavunjika. Ishara yake ilipendeza, wala haikumgharimu kitu. Lakini miaka miwili ikapita, nira ikabaki. Na mwaka 587, au 586 kwa hesabu ya wengine, Yerusalemu ukaanguka.

Waebrania walikuwa na neno moja, mashali, kwa methali za wenye hekima na kwa mifano ya manabii. Neno letu mithali, lililotujia kwa Kiarabu, ni la shina lile lile. Nasi twajua ya kuwa mithali haifumbuliwi na mtu asiyejua jembe, wala mtumbwi, wala desturi za waliyoitunga. Kwa hiyo, walimu wenzetu, kabla ya kueleza ishara yo yote tuulize: ilitendeka lini? Kwa desturi gani? Nayo ilimgharimu nini aliyeitenda?

Yeremia alichukuliwa Misri, wala Maandiko hayasemi kwamba alirudi kulilima shamba lake. Lakini mwaka 538 kabla ya Kristo, mfalme Koreshi aliwapa Wayahudi ruhusa ya kurudi kwao, na katika orodha ya waliorudi, Ezra sura ya 2, wamehesabiwa watu wa Anathothi 128. Hilo ndilo jibu tulilompelekea yule mzee.